Damu ya Faustin Haikuganda

Siku niliyoacha kazi, wenzangu wa labo, yaani maabara ya hospitali, walinipa mbuzi na hotuba. Mbuzi alikuwa mzuri. Hotuba ilitaja vyeo vyote nilivyopitia, kimoja baada ya kingine, kama vituo vya lori la Kamituga, na nilipokuwa nasikiliza nikaona kwamba wale vijana hawajui hata jambo moja katika yale niliyoyafanya kweli. Ndiyo maana naandika. Habari za vyeo nimeziachia hotuba. Hapa nitaeleza damu, hasa damu ya mtoto mmoja, kwa sababu kwake ndiko nilikojua kazi hii ni ya nini.

Niliingia labo katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, nikiwa kijana wa Kadutu niliyemaliza shule ya mafrere wa misheni na kuamini kwamba nitavaa koti jeupe siku hiyo hiyo. Bukavu ilikuwa na hospitali ya Wazungu na hospitali ya Weusi, kila moja na lango lake, lakini labo yenye vifaa vya kutosha ilikuwa moja tu. Kwa hiyo damu za watu zilisimama bega kwa bega kwenye kibao cha mbao, ilhali wenyewe wasingekaa benchi moja. Sikukawia kugundua kwamba, ukiondoa karatasi ya jina, hakuna aliyeweza kuzitofautisha.

Mkubwa wetu alikuwa Masera Klotilde, mtawa kutoka Flandria, mfupi, mwenye mikono mikubwa ya mkulima. Kiswahili alikuwa amekisoma kitabuni kabla ya kupanda meli, na alitusahihisha sisi tuliokinyonya pamoja na maziwa.

“Boniface, usiseme ‘sindano iko’. Sema ‘sindano ipo’.”

“Ndiyo, Masera,” nilimjibu. “Iko vile.”

Alicheka mpaka akashika meza, na tangu siku ile tukapatana.

Hakunipa mikroskopi wala koti. Alinipa beseni. Nilisugua mirija ya kioo, nikaisuuza kwa maji ya kawaida, kisha kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, nikaikausha, nikampelekea. Akaitazama kwenye mwanga wa dirisha na kunirudishia nusu. Nilifikiri ananitesa. Baadaye ndipo aliponionyesha: aliweka damu yangu katika mrija safi, na damu yangu hiyo hiyo katika mrija uliobaki na uchafu ambao jicho halikuuona. Mmoja uliganda mapema kuliko mwingine. “Sasa,” aliniuliza, “ungemwambia Dokta kwamba una damu mbili?” Ninyi mnaobonyeza kitufe na kusubiri karatasi itoke, msicheke. Mashine yenu nayo inaoshwa na mtu.

Kupima kuganda kwa damu kulikuwa hivi. Kwanza unachoma ncha ya sikio, na kila baada ya muda mfupi unagusa tone kwa karatasi ya kunyonya wino, mpaka karatasi ibaki nyeupe. Hicho ni kipimo cha kidonda kidogo. Kisha unachukua damu ya mshipa, unaigawa katika mirija, unaisimamisha kwenye maji yenye joto la mwili, katika sufuria yetu tuliyoiita benmari, na unainamisha mrija taratibu, tena na tena, mpaka siku utakapoupindua kabisa na damu isimwagike. Nasema “siku” kwa mzaha. Kwa mtu mzima wa afya ni dakika chache; huwezi kumaliza kusimulia habari za mechi ya jana.

Wengi walifanya kile cha sikio peke yake, kwa kuwa ni chepesi. Masera hakukubali. “Vyote viwili,” alisema. “Sikio linaweza kusema ukweli, na bado usijue kitu.” Alinifundisha pia kumwaga damu ya kwanza inayoingia kwenye bomba la sindano, kwa sababu imebeba maji ya nyama iliyotobolewa, na maji hayo huharakisha kuganda. Na alinifundisha kuweka kila mara, kando ya damu ya mgonjwa, damu ya mtu mzima wa afya. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi. Mara nyingine alikuwa Masera mwenyewe, na damu yake na yangu ziliganda karibu pamoja.

Nyuma ya labo tulifuga sungura, kwa kuwa ubongo wao, ukikaushwa na kusagwa, ulitumika katika kipimo kingine cha damu. Kichwa kilikuwa cha sayansi. Mwili ulikuwa wa wafanyakazi. Sijawahi kuona kipimo kilichopendwa kama hicho.

Nilikuwa nimeshaaminiwa kushika mirija wakati maman Bitondo alipomleta Faustin.

Alikuwa Mlega wa upande wa Shabunda, mjane, mwanamke mwembamba mwenye shingo ndefu aliyezungumza kwa sauti ya chini. Aliishi Bagira kwa mdogo wake, na kutoka huko alikuwa amembeba mtoto mgongoni, ingawa Faustin alikuwa mkubwa, wa miaka kama kumi na miwili, na miguu yake iliburutika karibu na visigino vya mama. Goti moja lilikuwa limevimba kama papai, la moto, limekunjwa, halikunjuki. Dokta wetu, mtu mrefu wa maneno machache aliyeishi Muhumba kwa Wazungu, alidhani ni usaha, akapanga kulipasua kesho yake asubuhi. Lakini alikuwa mtu wa utaratibu. Hakushika kisu kabla labo haijasema.

Nilienda kitandani na kibao changu.

“Papa, utaniumiza?” Faustin aliniuliza.

“Kidogo.”

“Kuliko goti?”

“Goti inashinda.”

“Basi fanya.”

Mama yake alinishika mkono kabla sijagusa sikio. “Usimutoboe sana, papa.”

“Juu ya nini, maman?”

“Damu yake haijuake kusimama.”

Nilichoma sikio. Karatasi ikawa nyeupe haraka, kama ya mtu yeyote. Nilimtazama mama, naye akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuonyeshwa jambo hilo na wengine, na hakuamini. Nikachukua damu ya mshipa, nikambana mkono kwa pamba, nikamwambia mama aendelee kubana mpaka nirudi, kisha nikaenda kuisimamisha kwenye benmari kando ya yangu.

Yangu iliganda kabla maji ya chai hayajachemka. Ya Faustin niliinamisha: ikatiririka. Niliinamisha tena. Ikatiririka. Masera alimaliza kuhesabu chembe za damu za wagonjwa wengine, akaenda kusali saa sita, akarudi, na ya Faustin ilikuwa bado inapanda na kushuka ukutani mwa mrija kama kasiksi mbichi, pombe yetu ya ndizi.

“Fanya tena,” alisema. “Mkono mwingine, bomba jingine, mirija mipya.”

Nilifanya tena, na matokeo yakawa yale yale. Nilipokuwa kule wodini niliona pamba ya mkono wa kwanza imelowa, na mama bado anabana, vidole vyake vimekuwa vyeupe.

Masera alitazama mirija kwa muda, akavua miwani, kisha akatoka mbio kwenda kumtafuta Dokta. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mtawa akikimbia, na sijamwona mwingine tangu hapo.

Dokta alikuja mwenyewe kitandani. Aliweka kiganja juu ya goti bila kulikandamiza. Akaniambia kwa Kifaransa nimwulize mama kama ana kaka.

“Nilikuwa nao babili,” alisema maman Bitondo. “Mumoja alikufia ku bwali, njo banamutahiri. Mwingine alianguka tu ku muti wa mawese. Hakuvunjika kitu. Tumbo ikajaa damu, akakufa.”

“Na watoto wako wengine?”

Faustin aligeuza uso ukutani.

“Wilondja, wa kwanza, alikufia ku bwali sawa muyomba wake. Katindi alijikata na mupanga ku kidole. Kidole, papa! Ilitoka damu mpaka akaisha. Baba yao alikuwa amekufa kwa homa. Kisha kuzika Katindi, shemeji yangu Kikuni alisimama mbele ya batu yote, akasema eti mi ni mulozi, mi njo ninakulaka batoto. Nikakimbia na huyu mumoja.”

Nilitafsiri. Dokta aliketi kwenye kitanda, jambo asilolifanya kamwe, akatuambia jina la ugonjwa: emofilia. Ni ugonjwa wa kurithi. Ndani ya damu kuna kitu kinachohitajika ili igande, na wavulana hawa huzaliwa bila kitu hicho cha kutosha. Goti lile halikuwa na usaha. Lilikuwa na damu. Angelipasua, Faustin asingefika jioni.

Tangu siku hiyo, kila kijana aliyepita mikononi mwangu nilimfundisha swali lile la Dokta: waulize wajomba. Mirija inakuambia damu ikoje leo. Wajomba wanakuambia imetoka wapi.

Kisu kiliwekwa kando. Goti lilifungwa kwa bandeji laini, likawekewa barafu kutoka kwenye friji ya labo, na Faustin akaamriwa kulala. Uvimbe ulianza kushuka. Ndipo Kikuni alipofika.

Alikuwa mdogo wa marehemu baba wa Faustin, mchimbaji wa dhahabu, mabega mapana, pua kubwa ya kuonekana kutoka mbali. Alikuwa amekuja na lori kutoka Shabunda, tope mpaka magotini. Nilikuwa nimemtarajia mtu mbaya. Nilimwona mtu aliyechoka, aliyemletea mtoto kuku aliye hai na shati jipya. Lakini alikuja kumchukua. Bwali, jando la Walega, ilikuwa inafunguliwa kwao, na haifunguliwi kila mwaka. Mimi ni Mshi. Mambo ya bwali si yangu kuyasimulia, na Walega wanaosoma hapa wataniridhia nikinyamaza. Najua hivi tu: asiyepita pale anabaki mtoto, hata akiota mvi.

Bitondo alisimama kati ya kitanda na shemeji yake. “Utapita mu mwili yangu kwanza,” alimwambia.

“Nilikwisha kukuachia babili, ukabakula,” Kikuni alijibu. “Huyu anaenda kuwa mwanaume.”

Dokta aliwaita wote ofisini: mama, shemeji, Masera, na mimi wa kutafsiri. Alieleza vizuri, kama kawaida yake. Kisha akafika kwenye sentensi niliyokuwa naiogopa: kwamba mama ndiye anayepitisha ugonjwa.

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema Kikuni kaburini, na sasa yanatoka kinywani mwa Mzungu mwenye koti. Nilijua nikiyaweka mezani kama yalivyo, Bitondo hatakuwa na pa kwenda, Shabunda wala Bagira. Nilijua pia kwamba nikiyaficha, mimi si mtafsiri tena.

“Papa Kikuni,” nilisema, “Dokta anasema hii ugonjwa inapitaka mu damu ya bamama. Bamama benyewe habagonjwe. Habajue, habapende, inapita tu. Hii pua yako ulipata kwa nani?”

Alijigusa. “Kwa muzee wangu.”

“Ulimuombaka?”

Masera aliinamisha uso. Hata Kikuni midomo ilimcheza. Lakini hakuwa mtu wa kupotezwa kwa mzaha. Alifikiri, kisha akasema polepole, “Basi ni kweli. Njo ye.” Na akamwonyesha Bitondo kwa kidevu.

Bitondo alikuwa ananitazama mimi.

Nikamgeukia Dokta, nikamweleza kwa Kifaransa kilichosemwa, na kile kinachomngoja mama huyu kama tukiachia hapo. Nikamwomba tumwonyeshe mirija. Kulikuwa na kipimo alichonifundisha Masera, cha kuchanganya damu. Dokta alimtazama Masera, Masera akasema, “Inawezekana leo,” na Dokta akasimama. “Twende,” alisema, kwa Kiswahili.

Tulichukua damu ya watu watatu: Faustin, mama yake, na Kikuni. Tulitia dawa ya kuizuia isigande, tukaizungusha kwenye sentrifuji ya mkono ili chembe nyekundu zishuke na maji ya njano yabaki juu. Ile sentrifuji ilikuwa na mkono kama wa mashine ya kusaga nyama, na ilihitaji mabega. Nilimpa Kikuni. Aliizungusha kwa nguvu ya mtu anayechota mchanga mtoni, mpaka Masera akamwomba asiing'oe mezani.

Niliweka mirija mitatu kwenye benmari. Wa kwanza: maji ya damu ya Faustin peke yake. Wa pili: ya Faustin, na matone machache ya mama yake. Wa tatu: ya Faustin, na matone machache ya Kikuni. Kisha katika kila mmoja nikatia chokaa kidogo ya labo, inayoondoa nguvu ya ile dawa, ili kila damu ifanye inavyojua.

“Inamisha we mwenyewe,” nilimwambia Kikuni.

Mikono yake ilikuwa minene kwa kazi hiyo, lakini ilikuwa imezoea kupepeta dhahabu, na dhahabu inafundisha subira. Aliinamisha mmoja baada ya mwingine. Maji yalitiririka katika yote. Aliinamisha tena. Kisha katika ule wa tatu kikatokea kitu kama utando, na alipoupindua haukumwagika. Baada yake kidogo, wa pili ukashika. Aliinua ule wa kwanza, wa Faustin peke yake. Ulikuwa maji. Alingoja. Maji.

“Huu ni yangu?” aliuliza, akishika wa tatu.

“Yako na ya mutoto.”

“Na huu ni ya ye?”

“Ya mama yake na ya mutoto.”

“Damu ya mama yake inamusaidia.”

“Unaona mwenyewe.”

“Kama angekuwa mulozi, damu yake ingeharibu zaidi.”

“Mi sijue ya bulozi, papa. Niko najua ya hii mirija.”

Alirudisha mirija kwenye kibao mmoja mmoja, kwa uangalifu. Kisha akaegemea ukuta wa labo. “Wilondja,” alisema, “njo mi nilimushika ku bwali. Mi nilimuambia asilie. Hakulia. Akatoka damu, hakulia.” Akafunika uso kwa kiganja kile kipana, na Bitondo, aliyekuwa mlangoni, akageuka akatazama nje, kwenye vibanda vya sungura.

Hatukupatana siku hiyo, msifikiri hivyo. Kikuni alisema lazima wazee waamue, kwamba yeye si mkubwa wa bwali. Bitondo alisema wazee waamue wanavyotaka, mtoto hatoki. Lakini Kikuni hakupanda lori. Alipata kijiko cha bugali na maharagwe jikoni kwa wauguzi, akalala kwa jamaa, akarudi kila asubuhi.

Ni bahati kwamba alibaki. Jino la nyuma la Faustin lililegea, na alipokuwa anatafuna mahindi ya kuchoma likatoka. Mtoto mwingine ungempa maji ya chumvi. Yeye alianza kutema damu, asubuhi mpaka mchana, na pamba tulizobana ufizini zikawa zinatoka nyekundu kama zilivyoingia nyeupe. Midomo yake ilipauka. Alianza kusinzia, na mama akawa anamwita jina kila mara ili asilale.

Dokta alitaka damu mpya, iliyotoka mwilini saa ile. Damu iliyolala kwenye friji inamfaa mtu aliyepungukiwa, lakini kile kitu alichokosa Faustin kinakufa humo haraka. Nilipima makundi. Damu ya mama haikupatana na ya mtoto. Ya mama mdogo wake haikupatana. Ya Kikuni ilipatana. Nilichanganya tone la mmoja na la mwingine juu ya kioo, nikaangalia kwenye mikroskopi, nikamwita Masera aangalie, kwa maana kuna mambo jicho moja halitoshi.

Katika siku zile watu wetu wengi waliogopa kutoa damu. Walisema Wazungu wanaiuza, au wanainywa. Nilikwenda kumtafuta Kikuni nikijiandaa kwa maneno marefu.

“Inamuhitaji mutu,” nilianza, “damu yake inapatana na ya...”

“Kitanda iko wapi?” aliniuliza, akikunja mkono wa shati.

Alilala, akatazama chupa ikijaa. “Itanimaliza?”

“Hapana. Jioni utakunywa kasiksi. Chupa moja. Mbili hapana.”

“Unajua kuumiza batu,” alisema.

Chupa ilikwenda kitandani kwa Faustin ikiwa bado na joto. Tulikaa pale, Dokta, Masera, mama, mimi. Pamba iliyofuata ilitoka nyekundu. Iliyofuata ilitoka nyekundu kidogo. Kabla ya jua kuzama nilitoa moja yenye doa tu, na Faustin akafungua macho akaomba maji. Nilichukua damu yake kidogo, nikaisimamisha kwenye benmari. Iliganda. Haikuganda kama yangu, ilichelewa, lakini iliganda, na niliupindua mrija ule juu chini mbele ya mama yake. Aliupokea kwa mikono miwili kama anavyopokea mtu komunyo. Nimefanya vipimo vingi maishani mwangu, vyenye majina marefu zaidi. Hicho ndicho ninachojivunia.

Goti lilipopona vya kutosha, Dokta alipanga safari ya kwenda kijijini kwa akina Faustin. Alitaka kupima ukoo wa Bitondo, na Kikuni alitaka wazee waone alichokiona. Tulipanda na Bitondo na Faustin kupitia Burhale, kisha tukashuka kwenye msitu, njia ambayo mvua ilikuwa imeitafuna upande mmoja na kuitemea upande mwingine. Nilibeba mirija magotini mwangu, imefungwa katika mashuka ya hospitali. Hakuna hata mmoja uliovunjika. Gari lilivunjika mara mbili.

Kijijini nilifanya labo juu ya meza ya kambi: chungu cha maji kwenye makaa, kipimajoto, saa yangu. Nilikuwa natia maji ya baridi na kuondoa kaa moja moja ili joto lisipande. Kama mna mashine inayolinda joto peke yake, ishukuruni. Wazee walikaa kwenye baraza, na Kikuni mwenyewe ndiye aliyeeleza mirija. Alieleza vizuri kuliko mimi, kwa kuwa alieleza kwa Kilega, na kwa kuwa walijua ni nani aliyemshika Wilondja.

Walituomba tuondoke, wakazungumza peke yao mchana kutwa. Nilichoambiwa ni hiki: Faustin ataitwa jina la mwanaume pamoja na wa rika lake, na kisu hakitamgusa. Njia waliyoipata ni yao, na sikuuliza.

Faustin alikua kweli. Alichechemea maisha yake yote, akawa mwalimu wa hesabu, na kila goti lilipovimba alishuka Bukavu kuja kunitafuta labo, akiwa na mtu wa ukoo wake nyuma yake, mkono wa shati umekwisha kukunjwa. Alifika umri ambao hakuna mjomba wake aliyeufikia. Alipofariki, watu waliojaa kanisani wengi wao walikuwa wanafunzi wake.

Lakini siku ile kijijini, wazee walipokwisha kutoa neno lao, Kikuni alimwendea Bitondo mbele ya mlango wa nyumba aliyokuwa ameikimbia. Nilikuwa nafunga mirija yangu, karibu nao. Alimwambia nyumba bado ni yake, shamba bado ni lake, arudi.

“Nitarudi,” alisema Bitondo. “Lakini maneno ulisemea ku kaburi ya Katindi, ulisemea kwa sauti. Kijiji yote ilisikia. Leo unaniambia kwa sikio.”

Kikuni akaenda katikati ya uwanja, mahali ambapo watu walikuwa wanarudi kutoka mashambani na mizigo kichwani, akapanua kifua, akaita kwanza kwa Kilega, halafu, kwa kuwa sisi wageni tulikuwapo, kwa Kiswahili:

“Batu yote musikie! Wilondja hakuuliwa na mama yake! Katindi hakuuliwa na mama yake! Mi Kikuni njo nilisema, na mi njo ninarudisha!”

Watu walisimama na mizigo yao. Dokta alivua kofia. Kikuni alikuwa anatweta, jasho linamtoka, akaanza kurudi kwenye kivuli cha baraza ili aketi.

Bitondo hakuwa amesogea mlangoni. Alikuwa amenyoosha ile shingo yake ndefu, akitazama nyumba za mbali, chini, upande wa mto Ulindi.

“Rudilia,” alimwambia. “Bale ba ku mutoni habakusikia.”

Kikuni aligeuka akaelekea mtoni, akaweka mikono kinywani, akaanza upya na jina la Wilondja.